Mbwa wa Mama Mwadi Hakunusa Shaba

Nikisikia tena mtu wa mtaa wetu akisema kwamba ni mbwa aliyeleta balaa kwa Mama Mwadi, nitammwagia makaa ya moto miguuni. Nimechoka. Miaka kumi na mmoja nimesimama nyuma ya jiko langu la mkaa, nachoma nyama ya mbuzi ambayo sisi watu wa Kolwezi tunaiita michopo, na mtu anayengoja nyama yake lazima aongee. Nimesikia uongo wa kila aina. Huu wa mbwa ndio unaonikera kuliko yote, kwa sababu mimi najua ulitoka wapi.

Mama Mwadi ni jirani yangu. Kati ya lupango lake, yaani kiwanja chake na nyumba yake, na sehemu ninapochomea nyama, kuna ukuta wa matofali unaonifika kifuani. Nikiinua kichwa naona uani kwake kote: vyumba viwili, jiko la kupikia lililounganishwa na chumba cha kulala, choo, mpapai, na nyuma kabisa kijumba cha shemeji yake Josias. Marehemu mume wake, Kabongo, alikuwa karani wa ghala mgodini. Aliijenga nyumba ile kwa miaka tisa, akinunua saruji mfuko mmoja mmoja, na alipofariki miaka minne iliyopita hakumwachia mkewe kitu kingine. Binti yao ameolewa Fungurume. Mama Mwadi akiikosa nyumba ile, hana pengine pa kulala.

Riziki yake ni watoto wa mbwa. Ana jike mmoja wa rangi ya udongo anayeitwa Fanta, na Fanta akizaa, Mama Mwadi hauzi mtoto hata mmoja mpaka awe na adabu. Nasema adabu, na najua mnacheka. Hata mimi nilicheka mwanzoni.

Lakini acheni niwaulize. Mbwa mnaowafuga nyinyi mnawafugaje? Mnamchukua akiwa na wiki tano, hajamaliza kunyonya, mnamfunga mnyororo nyuma ya choo, mnamlisha bukari, ugali wetu, na pilipili ili awe mkali, na mkipita mnampiga teke ili asizoee watu. Halafu mnampa jina la kumsema jirani, Bataongea au Munanichukia, ili mkimwita kila jioni jirani asikie. Mwaka unapita, mbwa anamuuma mtoto wenu wenyewe, na mnamuua kwa mawe mkisema alikuwa na pepo. Pepo gani? Pepo ni nyinyi.

Mama Mwadi ana kovu kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko hadi karibu na kifundo. Alikuwa msichana, ametoka kwao Lubudi alikozaliwa, baba yake akifanya kazi ya reli, akaja kufua nguo kwa mfanyabiashara mmoja hapa mjini. Mbwa wa pale alikuwa wa pilipili na mnyororo. Siku moja mnyororo ulikatika. Kesho yake bosi alimwita aje atazame mbwa akiuawa, ili roho yake itulie. Aliniambia kwamba roho yake haijatulia mpaka leo. Aliona mbwa yule akijikunja chini na kujikojolea kabla ya jiwe la kwanza kurushwa, akajua kwamba mnyama hakuwa mkali hata kidogo, alikuwa mwoga.

Basi hapo ndipo alipoanza. Hakusomea popote. Mtoto wa mbwa akimng'ata vidole kwa mchezo, hampigi. Anatoa sauti moja ya maumivu, anamgeuzia mgongo, mchezo umekwisha. Akimrukia mgeni, mgeni anaambiwa asimtazame wala asimguse mpaka miguu yote minne iwe chini. Akimaliza kula anapelekwa mahali pamoja karibu na ua, Mama Mwadi anasimama pale hata robo saa, na mtoto akijisaidia anasifiwa kama amepata diploma. Kabla ya sahani kuwekwa chini anaambiwa "ikala," anaketi. Anaambiwa "bakia," anabaki. Akishika kiatu anaambiwa "achia," na akiachia anapewa kitu kizuri zaidi. Dakika chache asubuhi, chache mchana, chache jioni. Hajawahi kupaza sauti. Mimi nikimwona nilikuwa naona aibu, maana watoto wangu mwenyewe nawaita kwa kelele.

Sheria yake kubwa aliwaambia wateja wote, na mimi nimeisikia juu ya ukuta mara nyingi.

"Mu nyumba neno moja, bantu bote," anasema. "Kama weye unasema hapana na bibi yako anasema ndiyo, mbwa atasikia nani?"

Wapo waliokuja wakamkasirisha. Nakumbuka mmoja, mnunuzi wa mawe, alisimama na gari lake likinguruma.

"Mama, mi nataka mbwa mukali. Hapana mbwa ya kusalimia bantu."

"Mbwa mukali unamutengeneza weye mwenyewe, tata," alimjibu. "Mi sitengenezake ile. Enda utafute fasi ingine."

Na akafunga mlango wa bati. Mwanamke ambaye hakuwa na unga wa kesho.

Mwezi wa saba Fanta alizaa, na katika uzao ule mtoto mmoja, dume mwenye masikio makubwa, aliitwa Mardi, yaani Jumanne kwa Kifaransa, kwa sababu alizaliwa siku hiyo. Mama Mwadi hapendi majina ya kusemana. Mardi alikuwa ameahidiwa kwa mwalimu Agnès, ambaye ana mtoto mlemavu nyumbani na alitaka mbwa mpole. Kwa hiyo huyu alifundishwa kwa uangalifu kuliko wote.

Sasa Josias. Josias ni mdogo wake Kabongo, ana miaka thelathini na sita, hana mke, hana kazi ya kudumu, ana simu mbili. Simchukii. Hapana, leo namchukia, lakini wakati ule sikumchukia. Kila jioni alinunua michopo kwangu, akaenda kuila nyuma ya jiko la Mama Mwadi ambako kuna kivuli, kwa sababu saa ile mama mwenyewe alikuwa kanisani kwenye kwaya au sokoni. Na Mardi alikuwa anaketi mbele yake, kwa adabu zote alizofundishwa, akimtazama. Josias akamtupia mfupa. Kesho mwingine.

Mama Mwadi alikuwa amekataza. Mfupa wa mbuzi uliopikwa unapasuka vipande vyenye ncha, unaweza kumtoboa mtoto wa mbwa tumbo. Aliwaambia watu wote wa lupango, yaani Josias peke yake.

Mimi niliona kila kitu. Josias akishamaliza kula alikwenda kwake kuongea na simu zake. Mardi alikuwa anatafuna kidogo, halafu anabeba mfupa hadi chini ya ukuta wa jiko, mahali ambapo maji ya kufulia humwagwa na udongo ni laini, anaufukia. Asubuhi anakuja kuufukua. Mbwa yeyote anafanya hivyo. Mimi ninayeuza nyama na kuzungukwa na mbwa maisha yangu yote, sikuhitaji kufikiri mara mbili.

Mama Mwadi alipoona vishimo, alifanya kama anavyofanya siku zote. Alimtengenezea Mardi pembe yake ya mchanga karibu na mpapai, akaficha humo vipande vya ngozi kavu, na kila akimkuta ukutani alimwita taratibu na kumpeleka kule. Siku ya tatu Mardi aliacha ukuta kabisa. Nilimwona mimi mwenyewe, anakwenda mpapai moja kwa moja. Siku ya nne Josias alirudi na mifupa.

Halafu asubuhi moja Josias, akiwa na mswaki mdomoni, akamkuta Mardi anachimba ukutani, na pembeni ya kishimo kuna kijiwe cha kijani. Vijiwe vya kijani hapa Kolwezi viko kila mahali! Kabongo alipojenga, alijaza kiwanja kwa kifusi kilichotoka upande wa mgodi, kila mtu alifanya hivyo. Lakini Josias alitema povu la dawa ya meno akapiga kelele kumwita shemeji yake, kama aliyeona mtume.

"Yaya! Yaya Mwadi! Kuya uone! Uyu kambwa ananusa matière!"

Matière ndilo jina tunaloliita jiwe lenye shaba na kobalti. Katika mji huu neno hilo likitamkwa, watu wazima wanapoteza akili. Wamechimba chini ya vitanda vyao. Wamechimba sebuleni, wakaweka zulia juu. Katika mji mwingine mtoto wa mbwa akichimba, wanasema ni mtoto wa mbwa. Kwetu wanaita wachimbaji.

Mama Mwadi alitoka na mikono yenye unga. Alipiga magoti, akaingiza vidole kwenye kishimo, akatoa kipande cha mfupa.

"Josias, njo ii yenye ananusa. Unamupa mifupa."

"Mi? Mifupa gani?"

"Ya mbuzi. Nilikukataza."

"Mi sikumupa kintu. Leta muntu mwenye aliona."

Alikana kwa haya tu. Mwanamume mzima kukemewa na mke wa kaka yake kwa sababu ya mbwa, aliona ni aibu. Haya ndogo kama punje, na akaishikilia kama mali.

Mama Mwadi akaja ukutani kwangu. Wakati huo nyuma ya jiko langu walikuwa wameketi vijana watatu wachimbaji, mkubwa wao anaitwa Gael, ambao Josias alikuwa amewapigia simu na kuwaambia waje waone. Wameagiza nyama. Wameagiza tena. Gael alikuwa ameniuliza kama naweza kuwapikia kila siku, kazi ikianza, watu wanane.

"Tata Modeste," Mama Mwadi aliniambia, "weye uko hapa kila siku. Josias anamupa uyu mbwa mifupa, hapana?"

Nimeyarudia maneno haya kichwani mara nyingi mno. Nilikuwa na mkasi wa nyama mkononi. Nilimtazama, nikawatazama wale vijana, nikageuza mshikaki ambao haukuhitaji kugeuzwa.

"Mi sikuona kintu, mama."

Aliniamini. Hilo ndilo linaloniudhi hata sasa: aliniamini papo hapo, akashukuru, akarudi kwake.

Wiki ile walianza kuchimba. Mama Mwadi alisimama mbele ya sururu, akasema hapana. Josias alimjibu kwamba kiwanja ni cha kaka yake, na kwamba yeye ni damu, na damu haiombi ruhusa. Alimwambia hivyo mjane mbele ya vijana wa watu. Wakatundika turubai la bluu, wakatoboa shimo la mviringo la kumtosha mtu mmoja, wakashuka. Udongo ulipanda kwa mifuko, asubuhi hadi jioni. Na mimi nilichoma nyama. Sijawahi kuuza kama miezi ile.

Lakini hasira ya Mama Mwadi haikuwa ya shimo tu. Walimharibia mbwa. Josias sasa alimtaka Mardi achimbe, ili awaonyeshe mwamba unakwenda upande gani. Kila Mardi akikwaruza ardhi, anapewa nyama. Sasa hakuficha tena, alisema ni mshahara wa mfanyakazi. Mama Mwadi akimwita kwenye mchanga wake, Josias anapiga mluzi kutoka ukutani. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu alikuwa anasimama katikati ya uwanja, kichwa huku, kichwa kule, anatetemeka. Baada ya wiki mbili alianza kurukia watu. Alichimba matembele, alichimba chini ya kamba ya nguo, alichimba godoro. Alikojoa ndani. Watu walisimama barabarani wakishangilia, na wengine walikuja kuomba waazimwe mbwa akanuse viwanja vyao. Mtu mmoja alitoka Fungurume na kamba mpya.

Mwalimu Agnès akaja kumchukua kama walivyopatana. Mardi alimrukia kabla hajavuka mlango, akashika gauni lake la kazi, akalipasua kutoka kiunoni. Mwalimu hakusema neno baya. Alisema tu kwamba kwa mtoto wake haitawezekana, akaondoka ameshikilia gauni kwa mkono.

Siku ile ndiyo pekee niliyomsikia Mama Mwadi akipaza sauti. Alitupa sufuria hadi kwenye turubai. "Munaharibu kila kintu munashika!" alipiga kelele ndani ya shimo. "Kila kintu! Muntu, mbwa, nyumba, byote!" Kule chini sururu ziliendelea. 

Wiki ya tano ufa ulitokea. Ulianzia kwenye pembe ya dirisha la jiko ukashuka hadi chini, mwembamba kama uzi. Wiki ya sita ulipokea kidole. Matière haikuonekana, ila udongo mwekundu na maji kidogo. Mtu mwenye akili angeacha. Josias alisema mwamba umepita chini ya jiko lenyewe, kwa hiyo jiko libomolewe, na labda chumba cha kulala pia. Ili kubomoa nyumba ya marehemu ilibidi mkubwa wa familia akubali. Ndipo akaitwa baba mdogo wao, Tata Muteba, mzee wa Lubudi, ambaye alifika Jumamosi juu ya lori la mahindi.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya misa, uani, chini ya kamba ya nguo. Ndugu kama kumi na wawili, Gael na vijana wake wamesimama ukutani. Mimi niliagizwa nilete michopo. Niliingia na sinia wakati Josias anamaliza kueleza jinsi mbwa alivyokuwa anachimba mahali pamoja kila asubuhi bila mtu kumfundisha.

"Mulete ile mbwa," alisema Tata Muteba.

Mama Mwadi alimleta Mardi. Alimwambia aketi, na yule mtoto, pamoja na yote waliyomfanyia, aliketi. Josias akapiga mluzi wake. Mardi alikimbia hadi ukutani akaanza kuchimba, udongo ukiruka nyuma. Ndugu wakasema eeeh. Gael akapiga makofi.

Mama Mwadi alisimama.

"Tata mukubwa, unisikilize," alisema. "Uyu mbwa nilimukataza kuchimba, siku ya tatu akaacha. Josias nimemukataza wiki sita. Uyu mbwa hajue kusoma, hana bwongo kama siye, na akaacha! Josias eko na masomo, eko na simu mbili, na eko anabomoa nyumba ya ndugu yake juu ya mufupa wa mbuzi. Nani hapa hana akili?"

"Mifupa, mifupa," Josias alisema. "Ananisemea ile maneno kila siku. Mi nilisema: leta muntu mwenye aliona. Eko wapi?"

 Tata Muteba alizungusha macho. Nilikuwa nimeshika sinia, mafuta yanachirizika kwenye kidole gumba. Niliutazama ufa. Kutoka upande ule wa ukuta, kwangu, turubai lilikuwa linauficha. Nilikuwa sijawahi kuuona kwa karibu. Unaingia mkono.

"Mi niliona," nilisema. "Mifupa ni yangu. Anakulaka pale, anamupa mbwa, mbwa anafukia. Kila siku."

Josias aliruka. Alisema nina wivu, nimelipwa, nimelewa. Tata Muteba akainua mkono na kuniambia nionyeshe. Nilichukua mfupa kwenye sinia, nikamrushia Mardi. Aliutafuna kidogo, akaubeba hadi nyuma ya choo, upande ambao hajawahi kuchimba, akaufukia kwa pua. Tukangoja. Haikuchukua muda akarudi pale na kuanza kufukua.

"Kumbe hata kule iko!" Gael alisema.

Naapa, alisema hivyo. Kwa furaha. Na ndugu wawili wakageuka kutazama choo kwa macho mapya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba unaweza kuwawekea watu ukweli kwenye sahani, na chumvi juu, na wasiuone. Wengine walicheka. Tata Muteba hakucheka. Alikwenda ukutani, akaingiza vidole kwenye ufa mpaka vifundo vikapotea, akavitoa, akavifuta kwenye suruali.

"Josias. Ulimupa mifupa ao haukumupa?"

Josias alitia simu zake mfukoni.

"Nilimupa."

"Na juu ya nini ulikana?"

"Nilisikia haya, tata."

"Haya ya mufupa," mzee alisema, "na haya ya nyumba ya ndugu yako hauna."

Akaamuru shimo lifukiwe kuanzia saa ile, na Josias mwenyewe abebe mifuko. Watu wakaanza kusimama. Mama Mwadi hakusimama na wao. Alinigeukia.

"Tata Modeste, ulijua tangu siku gani?"

"Tangu mwanzo."

"Siku ile nilikuya kukuuliza, ulijua?"

"Nilijua, mama."

Alitikisa kichwa taratibu, mara moja. Alisema, "Aksanti kwa kusema kweli," akaingia ndani, Mardi nyuma yake.

Shimo lilifukiwa, lakini udongo wa kurudishwa haushiki kama wa zamani, kila mtu anayechimba anajua. Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, ardhi ilizama. Ilikuwa Jumatano mchana, Mama Mwadi akiwa nje kwenye mpapai na mbwa. Ukuta wa jiko uliinama, ukalala, ukavuta nusu ya paa la chumba cha kulala. Hakuna aliyeumia. Nilikuwa nimesimama hatua kumi na mbili kutoka pale, mkasi mkononi.

Sasa anapika chini ya bati mbili, na analala chumba cha mbele pamoja na kabati la Kabongo lililovimba kwa maji. Josias amekwenda Sandoa, mbali huko, anasema anatafuta matofali. Mardi amerudi kwenye adabu zake. Ilichukua mwezi na nusu, asubuhi, mchana, jioni, mvuani. Na mtaani wanasema mbwa alikuwa na mkosi. Mbwa! Wanaosema hivyo ni wale wale waliokuja na kamba kumwazima. Nawaambia kila siku hapa kwenye moto, nawaambia ni nani aliyetupa mifupa na ni nani aliyeona akanyamaza ili auze mishikaki, na wanacheka, wanadhani natania.

Nilimpelekea matofali, mkokoteni mzima. Aliyapokea, akashukuru. Nilimpelekea bati. Akashukuru. Ningependa anitukane. Ningependa aje hapa mbele ya wateja wangu wote, aipindue mbabula hii, jiko langu la mkaa, aniite jina ninalostahili, kwa sauti ile aliyoitumia siku ya sufuria. Ningejua nisimame wapi. Lakini yeye ni mtu wa adabu. Kila asubuhi anapita na mbwa wake, ananiuliza kama nimelala vizuri, ananiuliza habari za watoto, mmoja mmoja kwa majina, anangoja nijibu, halafu anapita.